Naomba ushauri: modemu ya SMS SIM800L inajibu amri zote za AT, ila nikituma SMS inazima

Wakuu, habari za jioni. Natengeneza kifaa cha kumtumia mama SMS maji ya tangi yakikaribia kuisha. Anamwagilia mchicha peke yake, na pampu ikizunguka kavu inaungua. Tayari tumeunguza moja, na inauma sana.

Natumia SIM800L, modemu ndogo inayotumia laini ya simu, na Arduino Uno, bodi ndogo ya kuiongoza. Modemu huendeshwa kwa amri fupi zinazoanza na AT. Nikiandika AT inajibu OK. AT+CPIN? (hali ya laini) inajibu READY, AT+CSQ (nguvu ya mtandao) inatoa 17 kati ya 31, AT+CREG? inatoa 0,1, yaani laini imeshajisajili kwenye mtandao. AT+CMGF=1 (SMS za maandishi ya kawaida) nayo OK. Tatizo ni AT+CMGS, amri ya kutuma SMS: naweka namba, naona alama ya >, naandika ujumbe, namalizia kwa Ctrl+Z. Hapo hapo taa inazima, modemu inajiwasha upya na kuandika "Call Ready", kisha "SMS Ready", kama vile ndiyo kwanza imepata umeme.

Nahisi ni umeme. Modemu hii inataka volti 3.4 hadi 4.4, na inaporusha mawimbi inaweza kuvuta hadi ampea 2 kwa kitambo kidogo. Mimi nimetumia chaja ya simu ya ampea 1, kupitia kishusha volti nilichokiseti 4.0. GND (upande hasi wa umeme) zote nimeziunganisha pamoja.

Je, kapasita ya mikrofaradi 1000 karibu na pini za umeme itatosha, au niweke betri ya lithiamu moja kwa moja? Aliyewahi kupitia hili anielekeze tafadhali. Mvua zimekata, mama anawasha pampu kila asubuhi.