Wanafunzi wamecheka pale walipotakiwa kulia, tumekosea wapi?

Kapu la Mavazi

Habari zenu wadau. Nina kikundi cha maigizo hapa Morogoro, tuko watu tisa, wengi tumetokea kwaya na wawili wamepita chuo cha sanaa Bagamoyo. Tunaigiza kwenye mikutano ya vijiji, siku za chanjo, mpaka kipaimara tumeshaitwa, na watu wazima wanatuelewa vizuri tu. Wiki mbili zilizopita tukapelekwa sekondari moja ya kata, wanafunzi kama mia nne hivi, form two mpaka form four. Igizo linahusu binti anaitwa Rehema, anadanganywa na bodaboda, anapata mimba, anafukuzwa shule, baba yake anamtimua nyumbani, mwisho anafia hospitali akijifungua. Dakika 45. Igizo hilohilo kijijini kina mama walilia mpaka tukaogopa.

Basi bwana shuleni mambo yakawa mengine kabisa. Dada anayecheza Rehema ana miaka 31 na watoto wawili, alipotokea tu na sketi ya shule wakaanza "shikamoo dada mkuu". Bodaboda alivyomshika mkono zikapigwa kelele utadhani Simba na Yanga. Halafu pale anapokata roho, kimya kinatakiwa, kuna dogo huko nyuma akaiga king'ora cha ambulensi, bwalo zima likalala kwa kicheko. Mwalimu wa nidhamu akasimama na fimbo ndo wakatulia, tukamalizia kwa aibu tupu.

Mwezi ujao tumealikwa shule nyingine na sitaki kurudia hii kitu. Igizo la watoto wa miaka 13 mpaka 18 linaandikwaje? Tuongeze komedi? Tuweke singeli? Au simu zimewaharibu hawawezi tena kukaa na kusikiliza? Msinicheke sana jamani.

Mchokonozi

Dogo wa ambulensi mchukueni kwenye kikundi, huyo ana taimingi kuliko nyie wote 😂😂😂

nyuma_ya_pazia

Pole mkuu ila simu hazihusiki. Hawahawa wanaweza kukaa masaa mawili kibanda umiza wanaangalia muvi imetafsiriwa na DJ. Tatizo ni kwamba mmewapelekea igizo la wazazi. Chukua skripti yako uhesabu, Rehema anaamua mambo mangapi? Nadhani hata moja hakuna. Anadanganywa, anafukuzwa, anatimuliwa, anakufa, yaani kila kitu anafanyiwa tu. Mama wa kijijini analia sababu anamuona mwanae, mtoto wa form three hajioni yeye pale, anaona onyo.

Pili, igizo lenu limepitwa na wakati na wao wanajua. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana waliokatishwa masomo kwa mimba warudi shule. Inawezekana kabisa kwenye lile bwalo alikuwepo binti aliyejifungua akarudi darasani, halafu nyie mnamuonyesha kwamba mwisho wake ni mochwari. Sasa mwenzake wa pembeni atajifanyaje, si atacheka tu?

Hii kazi imeshafanywa hapa hapa nchini na watu wazito, hamna haja ya kuanza sifuri. Mwaka 1996 Amandina Lihamba na Penina Mlama (yule Penina Muhando wa zile tamthilia tulizosoma) walianzisha TUSEME pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ajili ya wasichana wa sekondari. Uzuri wake uko kwenye mpangilio. Hawakufika na igizo mkononi. Wanafunzi wenyewe wanataja kinachowakwamisha, wanakichambua, ndo wanatengeneza igizo, ngoma, nyimbo, kisha wanaonyesha mbele ya walimu na jamii. Baadaye FAWE, lile shirika la elimu ya wasichana Afrika, wakaichukua wakaipeleka nchi nyingi za Afrika. Jina lenyewe linakwambia nani anatakiwa kuongea.

Kwa hiyo nenda ile shule ya pili kabla ya tarehe, bila skripti, uombe wanafunzi ishirini na chumba kimoja. Ila tafadhali usiwaulize "changamoto zenu ni zipi". Watakujibu kama mtihani wa uraia, mimba za utotoni, madawa ya kulevya, utandawazi, umemaliza na hujapata kitu. Wape kazi ya mwili. Waambie wakae watano watano watengeneze picha, kama wamepigwa picha wameganda, ya jana saa kumi na moja jioni walikuwa wapi na nani. Hapo ndo vitu vinatoka. Utaona mtu amebeba ndoo, mwingine anaficha simu kwenye soksi, mwingine anatengwa sababu ya jina la utani alilopewa form one. Igizo lako limo humo.

Mtoto wa Combi

shkamooni, mi niko form five, naomba niongee sababu mnatuongelea kama hatupo 😅

kwanza kucheka. tunacheka sababu ukinyamaza wenzio watajua imekugusa, na ikishakugusa kesho unaitwa Rehema mpaka unamaliza shule. shule yetu walikuja watu na igizo kama hilo kuna rafiki yangu alicheka kuliko wote halafu usiku bwenini akawa analia, so kicheko msikichukulie kihivyo

pili msijifanye vijana. mtu ana kitambi anasema "oya wanangu mambo vipi" tunajua kabisa saa hii anakuja kuhubiri. ongeeni mnavyoongea, sisi tutaelewa. na misemo yenu ya mtaani mkishaiandika kwenye skripti sisi tumeshaiacha mwezi uliopita

tatu mnipe igizo ambalo hatufi. kwani sisi hatupendani bila kufa?? mbona hamna igizo la rafiki yako kapangiwa shule Tabora ww umebaki, au baba anataka uchukue PCB ya sayansi we unataka HGL ya arts, au umetoa siri ya mtu na haijulikani ni ww. hivyo ndo vitu vinatukosesha usingizi kwelikweli, mimba sio kila siku

Ticha Mstaafu Mtarajiwa

Nimekuwa patroni wa klabu ya sanaa miaka kumi na moja, ngoja niongelee vitu ambavyo wasanii huwa mnasahau.

Mahali. Mia nne kwenye bwalo ni mkutano wa hadhara huo. Wale wa nyuma hawasikii chochote, mtu asiyesikia anatafuta burudani yake, na dogo wako wa ambulensi alikuwa nyuma, umesema mwenyewe. Omba madarasa mawili mawili, cheza mara tatu, watu themanini wakae duara nyie katikati, hakuna nyuma kwenye duara. Bati likipigwa mvua simamisheni msishindane nalo. Maiki za kukodi zile msizitumie kabisa, zinakoroma na mwigizaji anakuwa amefungwa na waya kama mbuzi.

Muda. Ijumaa saa nane mchana ni vipindi vya dini, usikubali kupangiwa hapo. Baada ya chakula cha mchana wanasinzia. Bora Jumamosi asubuhi wakishamaliza usafi. Na dakika 45 ni ndefu, ishirini na tano zinatosha, nyingine waachie waongee.

Walimu. Hapa ndo pagumu. Mwalimu wa nidhamu akikaa mbele na fimbo yake mmekwisha, maana hakuna mtoto atasema kweli, na akitoka kabisa mkuu wa shule naye hana amani. Mimi huwa naomba mwalimu mmoja tu, yule ambaye wanafunzi wanamwendea wenyewe wakiwa na shida, kila shule yupo na wanafunzi watakutajia. Mkuu wa shule mpe muhtasari mapema, usimshtukize mbele ya watu, akishtuka ndo mara ya mwisho unaingia getini.

Na sikubaliani na nyuma_ya_pazia asilimia mia. Wanafunzi wakitunga wenyewe bila kusaidiwa wanatoa igizo lilelile la Rehema! Nimeona mara nyingi. Ndo igizo pekee walilowahi kuliona shuleni, kwa hiyo wanajua igizo ni mlevi mmoja, daktari mmoja, na mtu wa kufa mwisho. Lazima mtu mwenye ujuzi awepo awaulize maswali, awakatalie njia rahisi.

nyuma_ya_pazia

Ticha hapo umenishika, kweli. Sikusema waachwe wenyewe ila niliandika kama nimesema hivyo.

Mwana wa Kisiwani

Salaam kutoka Mombasa. Huku kwetu mashindano ya maigizo ya shule yako tangu 1959, kwa hivyo hawa vijana wamezoea jukwaa, lakini mashindano nayo yana maradhi yake. Igizo laandikwa na mwalimu ama mtu wa kulipwa, mtoto afunzwa kupaza sauti na kugeuza shingo hivi na hivi apate alama, mwisho wa siku ni maneno ya mtu mzima katika kinywa cha mtoto. Ingawa likiwa na moto watu wazima wataliogopa vilevile, 2013 igizo la shule ya wasichana ya Butere lilizuiwa na ikabidi Mahakama Kuu iseme liruhusiwe.

Mimi nimefanya zaidi ile namna ya Augusto Boal, Mbrazili, ambapo watazamaji huingia wakabadilisha. Mwacheza igizo fupi, dakika kumi, linaishia pabaya. Halafu mwalirudia, na yeyote akiona mahali ambapo yule mwenye kuonewa angefanya vyengine, apiga makofi, mwaganda, aingia achukue nafasi yake ajaribu. Wengine wenu wabaki wale wale na muwe wagumu, msimwachie kirahisi. Mtoto akija na muujiza, "nikaokota milioni moja", waulize watazamaji kama hayo yawezekana, watamkatalia wenyewe. Na mwenye kuonea msiruhusu abadilishwe, kwa sababu kesho yule bodaboda hatageuka malaika. Yule wa kuongoza katikati Boal alimwita joker, sisi tukiandika kwa Kiswahili latoka "joka", basi twamwita mwezeshaji tu, ama tungewatisha.

Lakini tahadhari moja kaka. Mtoto akisimama akacheza jambo lililomkuta yeye mwenyewe, utaliona, macho hubadilika. Usimsukume aendelee. Mshukuru, mbadilishe, na baadaye awe na mtu mzima wa kumwendea. Msiingie shule bila kulipanga hilo.

Ticha Mstaafu Mtarajiwa

Nyongeza hapo, namba ya simu ya msaada kwa watoto huku Tanzania ni 116, bure. Iandikeni ubaoni kabla hamjaanza, iwepo tu, msiihubirie.

Kapu la Mavazi

Wadau nimerudi. Samahani kwa ukimya, sikwenda shule ya pili kwanza, nilirudi ileile tuliyoaibika. Nikaomba wanafunzi kumi na nane na dogo wa ambulensi awe mmojawapo, mwalimu wa zamu alidhani nataka achapwe, ikabidi nimuhakikishie.

Nikawafanyisha zile picha za kuganda. Picha ya nne ilikuwa wasichana watatu barabarani, mmoja ameangalia saa ya mkononi ambayo haipo. Nikawauliza hii ni nini. Wakasema shule iko mbali, ukifika namba imeshaitwa unachapwa halafu unafagia mpaka kipindi cha pili kinaisha, sasa bodaboda anapita saa kumi na mbili na nusu anakwambia panda, hela utanipa siku nyingine. Unapanda. Jumatatu, Jumanne, mpaka deni linakuwa kubwa na yeye hasemi kitu, anaendelea kukubeba tu.

Nilikaa chini jamani. Igizo letu dakika 45 Rehema anapanda ile pikipiki sababu ya chipsi na tamaa, ndo tulivyoandika, na kina mama wakatupigia makofi. Hakuna hata mmoja wetu tisa aliyewahi kuuliza anakaa wapi na shule iko wapi.

Sasa tunalo jipya, dakika ishirini na mbili, wasichana wawili wa hapo hapo wanapokezana kucheza Rehema na dada yetu amehamia kwenye nafasi ya mama. Lina kuchekesha pia, ila ni kwao, kuna sehemu ya mwanafunzi anamsimulia mwalimu wa zamu sababu za kuchelewa tano kwa siku tano. Dogo wa ambulensi ndo pikipiki, anapiga ule mlio mwenyewe, inaanzia mbali inakuja, na mara ya tatu ukiusikia bwalo linanyamaza lenyewe.

Shida imebaki moja. Linaishia pikipiki imesimama, Rehema kaweka mguu mmoja juu, basi, tunaganda tunawauliza watazamaji. Mkuu wa shule kaona mazoezi jana kaniita ofisini, anasema igizo halijaisha, anataka kujua Rehema anapanda au hapandi kabla hajasaini barua. Nimjibu nini?

Mchokonozi

Muulize na yeye angefanyaje akiwa amechelewa namba.

Ticha Mstaafu Mtarajiwa

Usimuulize hivyo ukiwa ofisini kwake, nakuomba. Mkaribishe akae kwenye duara siku ya igizo, halafu mmoja wa wale wasichana ndo amuulize.