Dereva wa usiku New York: kitufe cha kwanza nimpe nani, 660 au 880?

Tandale_Bronx

Wakuu salaam. Naendesha abiria usiku hapa New York. Naingia barabarani saa mbili, narudi kulala jua likichomoza. Gari ni la 2012, redio yake ina vitufe sita vya kuhifadhia stesheni. Simu siwezi kuipa kazi ya redio, maana ndiyo ramani na ndiyo inayoniletea abiria.

Zamani sikuwa na swali. Redio za michezo zilikuwa mbili: ESPN ilikuwa 98.7 FM, WFAN ilikuwa 660 AM, kazi imeisha. Mwisho wa Agosti 2024 ESPN wakahamia 880 AM, ile ya WCBS tuliyoizoea kwa habari, na foleni za barabarani kila dakika kumi. Sasa nataka kupanga vitufe upya. Nani wa kwanza? Na mnisaidie hili pia: kwa nini nikiwasikiliza ESPN usiku naletewa Dallas Cowboys, timu ya futboli ya Texas, saa nzima, wakati abiria aliyekaa nyuma ananiuliza Knicks, timu yetu ya kikapu hapa, wamemaliza ngapi?

FundiMawimbi

Mkuu, hilo la Cowboys ndilo lenye utamu, nianze nalo.

Kumbuka redio za mikoani kwetu. Mchana kutwa mtangazaji ni kijana wa pale pale, anasalimia watu wa sokoni kwa majina. Ukifika muda wa habari za kimataifa anasema "sasa tunajiunga na BBC", na sauti inabadilika. Kituo ni kile kile ila anayeongea yuko kwingine, na anaongea na vituo vingi kwa mpigo. Hapa Marekani ndivyo mitandao ya redio za michezo inavyofanya kazi. ESPN Radio ilianza tarehe 1 Januari 1992. Kituo kinachojiunga nayo kinachukua jina na baadhi ya vipindi, halafu saa zenye wasikilizaji wengi kinajaza watu wake wa mji. Usiku wa manane, matangazo ya biashara yakishapungua, wanafungulia mkondo wa taifa na kwenda kulala. Huyo anayekusimulia Cowboys anasikika wakati huo huo kwenye miji kibao, hana sababu ya kukaa na Knicks.

WFAN walizaliwa kwa tabia nyingine. Tarehe 1 Julai 1987 ndipo walipoanza, redio ya kwanza kuzungumza michezo saa 24, na mpaka leo mkate wao ni mtu wa Queens kupiga simu saa nane usiku akilalamika kuhusu mrushaji mpira wa Yankees, timu ya besiboli ya hapa. Kwa dereva wa usiku, hapo tu 660 wameshinda.

KijanaWaKisauni

Fundi umesema kweli lakini umempeleka mbali. Mie niko Jersey City mwaka wa tisa, nakwambia mtandao si hoja. Hoja ni mechi iko kwa nani. Mkataba wa kujiunga na ESPN ni karatasi moja, mkataba wa kutangaza mechi za timu ni karatasi nyingine kabisa, na hazifuatani.

Tazama Mets, timu nyingine ya besiboli ya New York. Walikuwa WFAN tangu redio ianze, 2014 wakaenda WOR 710, 2019 wakaja 880. ESPN walipoingia 880 waliwakuta Mets mle ndani, na Mets wakabaki. Yankees wako WFAN tangu 2014. Futboli ya Marekani, Giants ni WFAN na Jets ni ESPN. Kwa hiyo muulize abiria timu yake kwanza ndiyo ubonyeze kitufe. Ukimwekea shabiki wa Yankees mechi ya Mets, nyota tano zako utaziona kwa darubini.

Tandale_Bronx

@KijanaWaKisauni hahaha, hilo limeshanikuta, na baba wa watu alikuwa amevaa kofia kabisa, mimi sikuangalia kioo.

Lakini nifafanulieni. Mbona kuna wakati ESPN walikuwa na masafa mawili mji huu huu, 98.7 na 1050? Nilikuwa nikikosa kimoja naruka kingine, nakuta watu tofauti.

FundiMawimbi

Sasa umegusa penyewe. ESPN waliingia New York mwaka 2001 kwa 1050 AM. Mwaka 2012 wakaikodi 98.7 FM kutoka kwa kampuni ya Emmis, wakahamishia kule vipindi vya mji na mechi. Ile 1050 wakaipa ESPN Deportes, ya Kihispania. Septemba 2019 Deportes ya redio ikafungwa, 1050 ikabaki haina kazi, wakaifungulia mkondo wa taifa mwanzo mwisho. Ndiyo maana ulikuta watu tofauti: nembo moja, 98.7 wanabishana kuhusu Jets, 1050 wanazungumza na nchi nzima. Mtandao hupenda hivyo kwa sababu mfadhili aliyelipia kusikika New York lazima asikike New York, hata kama stesheni kubwa ya mji imeamua kuweka kipindi chake saa hiyo.

Na cha kuchekesha, 1050 hiyo hiyo ndiyo WFAN walipozaliwa mwaka 1987. Walikaa mwaka na kidogo tu, Oktoba 1988 wakahamia 660.

Mkataba wa kukodi 98.7 uliisha tarehe 31 Agosti 2024. Kampuni ya Good Karma, ambao walishazichukua stesheni za ESPN za New York, Chicago na Los Angeles mwaka 2022, hawakuendelea nao. Wakaikodi 880 kutoka kwa kampuni ya Audacy. Na Audacy ndio wenye WFAN! Yaani wapinzani hawa wawili, mmoja ni mpangaji wa mwenzake.

MamaChai_Chicago

Nawasoma kimya kimya nikaona nichangie. Huku kwetu mgawanyo ni huo huo ila umetulia zaidi. 670 The Score ni ya Audacy, ESPN 1000 ni ya Good Karma, kila mtu kwenye nyumba yake. Timu za huku, Cubs (besiboli) wako 670 tangu 2016 na Bulls (kikapu) tangu 2018. White Sox (besiboli) walikwenda 1000 mwaka 2021, Bears (futboli) wakawafuata 2023. Magongo ya barafu, Blackhawks, wako WGN 720, ambayo hata si redio ya michezo.

Nasema umetulia kwa sababu mume wangu anaendesha lori na alishakariri: Cubs kitufe cha kwanza, Sox cha pili. Huko kwenu 880 imebeba Mets na wageni wa ESPN kwa pamoja. Mwezi wa tano Knicks, ambao nao wako ESPN, wakiwa kwenye mtoano na Mets wana mechi jioni hiyo hiyo, masafa ni mamoja, mdomo ni mmoja. Lazima mmoja asogezwe. Sasa dereva anayeshika usukani atajuaje kasogezwa wapi?

Bin_Unguja

Asalaam aleykum. Mnabishana juu ya nani anatangaza, hamjauliza kama gari linashika. Mimi nimekodi gari la umeme kwa kazi hii hii. AM haimo. Si mbovu, haikuwekwa. Mota za umeme zinaitia AM mikwaruzo, basi baadhi ya watengenezaji wakaona njia rahisi ni kuiondoa. Ford nao walitaka kuitoa mwaka 2023, wakapigiwa kelele, wakarudi nyuma.

Kwa mtu kama mimi ulinganisho umeisha kabla haujaanza. WFAN wana 101.9 FM tangu 2012, inarusha kile kile cha 660. 880 haina FM yake ya kulala nayo. Ninyi wenye magari ya zamani furahieni, kuna siku mtabadilisha gari, mtagundua mmepoteza Mets.

KijanaWaKisauni

@Bin_Unguja si kuna programu za simu, sheikh?

Bin_Unguja

Zipo. Lakini mwenye uzi kasema simu yake ina kazi. Na mtandaoni haki za mechi zina mipaka yake. Ukitoka nje ya mji, mazungumzo utayapata, mechi ikianza unafungiwa mlango. Ligi ya besiboli inauza sauti ya mechi zake yenyewe kwa malipo, unadhani itaacha kila stesheni imwage bure nchi nzima? Mawimbi ya AM ndiyo hayaulizi unaishi wapi. Usiku 660 na 880 zinasikika majimbo mengi mbali na hapa, watti 50,000 kila moja.

MamaChai_Chicago

Nathibitisha. Mume wangu alishaishika 660 usiku akiwa Ohio, inakuja na kuondoka kama mtu anayeongea huku anafungua na kufunga dirisha.

FundiMawimbi

Na hamjui zinatoka wapi. Mnara ni mmoja! Uko High Island, kisiwa kidogo karibu na City Island, hapo hapo Bronx kwa mwenye uzi. 660 na 880 zinarushwa kutoka nguzo ile ile. Mwaka 1967 ndege ndogo iliugonga mnara, siku moja kabla WCBS hawajaanza redio yao ya habari, wakalazimika kuanzia FM. Kwa hiyo Tandale, ukisikia mtu anasema moja inashika vizuri kuliko nyingine ukiwa chini ya reli ya juu pale Jerome Avenue, anakudanganya. Zote zinakoroma sawasawa.

Tandale_Bronx

Wakuu nimerudi, samahani kwa ukimya, Jumamosi haina mchezo.

Nimepanga hivi. Cha kwanza 101.9, kwa sababu chini ya reli na kwenye mahandaki mafupi haikoromi. Cha pili 880, kwa ajili ya Mets na Jets. Cha tatu 660, najua ni redio ile ile ya cha kwanza, lakini juzi nilimpeleka mtu mbali, karibu na Albany, saa saba usiku. Tulipopita Poughkeepsie 101.9 ikafa. Nikabonyeza cha tatu, nikamkuta mpiga simu yule yule bado hajamaliza sentensi yake.

Abiria akaamka, akauliza Knicks wamemaliza ngapi.

KijanaWaKisauni

Ukamwambia?

Tandale_Bronx

Nikamwambia subiri, huyu bado yuko kwenye mrushaji wa Yankees.