Naomba ushauri: programu yangu inapokea orodha ya zamani ya mitandao ya Wi-Fi

Ndugu wataalamu, habari za kazi. Ninaandaa programu ya simu za Android itakayomwezesha fundi kutembea chumba hadi chumba akipima nguvu ya mawimbi ya Wi-Fi, ili ajue mahali panapofaa kufungwa ruta. Mwanzoni orodha ilirudi tupu, nami nikapoteza siku mbili kabla ya kugundua kwamba ruhusa ya mahali (idhini ya programu kujua simu ilipo) haitoshi iwapo mtumiaji amezima huduma ya mahali kwenye simu yenyewe.

Kinachonisumbua sasa ni kikomo kilichowekwa tangu Android 9, ambapo programu iliyo wazi mbele ya mtumiaji huruhusiwa kutafuta mitandao mara 4 tu katika kila dakika 2. Baada ya hapo napewa matokeo ya zamani, ilhali fundi ameshahamia chumba kingine, na vipimo vya namna hiyo ni vya uongo. Kuanzia Android 10 kizuizi hicho huweza kuzimwa katika mipangilio ya wasanidi, yaani ile iliyokusudiwa watengenezaji wa programu, lakini sioni haki kumtaka kila mteja afanye hivyo.

Je, mliopitia jambo hili mlimsubirisha mtumiaji sekunde 30 kati ya vipimo, au mlisoma tu nguvu ya mtandao ambao simu imeunganishwa nao?