Nimeitwa kwenye juri Uingereza na pasipoti yangu ni ya Kenya, nijibuje?

Mkazi_Leicester

Wakuu, habari zenu. Nimepata barua ya posta inayoniita kuwa mjumbe wa juri (watu 12 wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia) kwenye Mahakama ya Crown, ile ya kesi kubwa za jinai, kuanza wiki sita zijazo. Nina pasipoti ya Kenya na kibali cha kuishi kisicho na kikomo, uraia wa hapa sijachukua. Kazi ni zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee, mkataba usio na saa maalumu. Naomba kueleweshwa: wamekosea kumwita mgeni? Pesa za siku nitakazokosa kazini analipa nani? Kile kiapo kinanifunga kwa Mfalme? Na nikinyamaza tu?

Karani_Mstaafu

Hawajakosea, ndugu. Majina ya juri huchotwa na kompyuta kutoka daftari la wapiga kura, na raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola mwenye kibali halali ana haki ya kuandikishwa humo. Mkenya, Mtanzania, Mganda, hata Mnyarwanda tangu nchi yake ijiunge 2009, wote wanaweza kuitwa. Mkongo au Mrundi kwa pasipoti yake hiyo peke yake haingii kwenye daftari. Masharti mengine ni umri wa miaka 18 hadi 75, na uwe umeishi Uingereza kipindi kisichopungua miaka 5 tangu ulipofikisha miaka 13. Aliye nje kwa dhamana, au aliyetumikia kifungo ndani ya miaka 10 iliyopita, haruhusiwi.

Kunyamaza ndiyo njia mbaya kuliko zote. Una siku 7 za kujibu, kwa mtandao au kwa posta, ukitumia namba ya juri iliyo kwenye barua. Usipojibu, au usipofika siku yenyewe, faini yaweza kufika pauni 1,000. Kama tarehe haikufai, omba isogezwe katika jibu hilohilo: eleza sababu kwa kirefu na utaje tarehe 3 unazoweza ndani ya miezi 12. Wengi wanakosea hapa, wanaandika "nina kazi" basi, na ombi linakataliwa. Kusogeza ni mara moja tu, usiipoteze nafasi hiyo kwa jambo dogo.

Jambo jingine: mtu akikupigia simu kwamba umekosa juri na ulipe faini sasa hivi kwa kadi, kata simu. Ni matapeli. Mahakama haidai faini wala namba za benki kwa njia hiyo.

BintiUnguja

Kuhusu pesa, kaka, soma vizuri kabla hujamjibu meneja wako. Mwajiri analazimika kukupa nafasi ya kwenda, na akikufukuza kwa sababu ya juri unaweza kumfikisha baraza la kazi. Kukulipa mshahara si lazima kwake. Asipolipa, mahakama inafidia, ila kwa kiwango cha juu cha kila siku, na siku ya saa 4 au pungufu hulipwa nusu. Zamu yako ikizidi kiwango hicho, tofauti unaibeba mwenyewe.

Ukishathibitishwa utapata fomu ya kupoteza mapato. Mwajiri ndiye anayeijaza, si wewe, nawe unaikabidhi siku ya kwanza. Kwa mkataba kama wako ndipo panapoharibika: meneja anaona hujapangiwa zamu wiki hizo, anaandika sifuri. Mpelekee barua ya mahakama mapema, kabla ratiba haijapangwa, na umwombe ajaze kwa wastani wa zamu zako za miezi ya karibuni. Weka hati za malipo tayari kama ushahidi. Nauli na chakula vinadaiwa pia, lakini maegesho ya gari usilipe kabla mahakama haijakubali. Malipo huingia siku 7 hadi 10 za kazi baada ya kuwasilisha madai, kwa hiyo kodi ya nyumba ya mwezi huo itafutie njia mapema.

Mwanasheria_wa_Pwani

Nijibu la kiapo, maana hapo watu wengi wanachanganya. Anayeapa utii kwa Mfalme Charles wa Tatu na warithi wake ni mtu anayechukua uraia, na jaji anapoteuliwa. Kiapo cha juri hakimtaji Mfalme hata kidogo. Unaahidi kumsikiliza mshtakiwa kwa uaminifu na kutoa uamuzi wa kweli kulingana na ushahidi. Mwislamu anaweza kushika Kurani, Mkristo Biblia, na asiyetaka kuapa kwa Mungu anatoa tamko rasmi lenye nguvu ileile. Pasipoti yako ya Kenya haiguswi.

Mfalme utamwona kwingine: nembo yake iko ukutani juu ya kiti cha jaji, na jalada limeandikwa R dhidi ya fulani. R ni Rex, yaani Mfalme. Enzi za Elizabeth wa Pili, hadi 8 Septemba 2022, ilisimama kwa Regina, herufi ikabaki vilevile. Kwa jina, basi, Mfalme ndiye anayeshtaki, ingawa kazi hufanywa na waendesha mashtaka na yeye hana sauti ndani yake. Tangu 1607 jaji Edward Coke alimwambia James wa Kwanza kwamba mfalme hakati kesi mwenyewe.

Nanyi kumi na wawili mnakaa katikati ya huyo mshtaki mkubwa na mtu aliye kizimbani. Mwaka 1670 juri la London lilikataa kuwatia hatiani William Penn na William Mead kwa kuhubiri barabarani. Wajumbe walifungiwa bila chakula wala maji, kisha wakatozwa faini. Mmoja wao, Edward Bushell, akakataa kulipa, akakaa gerezani hadi Jaji Mkuu Vaughan alipoamua kwamba mjumbe haadhibiwi kwa uamuzi wake. Ulinzi huo ni wako pia. Na si kama wazee wa baraza wa Tanzania, ambao maoni yao hayamfungi jaji. Juri likisema hana hatia, jaji hana la kubadilisha. Likisema ana hatia, adhabu ndiyo kazi ya jaji.

Kipanga_UK

Msisahau simu! Kutafuta jina la mshtakiwa Google, kupita eneo la tukio "kuangalia tu", au kuuliza kwenye kundi la WhatsApp, yote ni jinai, hadi miaka 2 jela. Mwaka 2011 mjumbe mmoja alifungwa miezi 8 kwa kuchati na mshtakiwa Facebook, na kesi ikavurugika. Yanayozungumzwa chumba cha juri husimulii hata nyumbani, hata kesi ikiisha.

Mkazi_Leicester

Asanteni sana. Mawili yamebaki: naweza kufanya zamu za usiku wiki hizo? Na Kiingereza cha mahakamani nikikosa kukielewa?

Karani_Mstaafu

Usiku acha. Utumishi wa juri kwa kawaida ni hadi siku 10 za kazi, na mjumbe anayesinzia anaweza kuondolewa. Wajumbe wakipungua chini ya 9 kesi haiendelei, na mshtakiwa aliye rumande arudi huko kusubiri upya. Mwambie meneja hivyo waziwazi.

Lugha: lafudhi si tatizo, tatizo ni kutoelewa. Kifungu cha 10 cha sheria ya juri ya 1974 kinamruhusu jaji kukuruhusu uondoke, lakini sema kabla ya kuapa. Neno moja likikupita katikati ya kesi, andika karatasi umpe mhudumu wa mahakama ampelekee jaji.

Mwanasheria_wa_Pwani

Na mkienda kujadiliana, usifuate wengi ili uwahi nyumbani. Jaji ataanza kwa kutaka wote 12 wakubaliane. Akitaka kukubali 10 kwa 2, ni lazima zipite saa 2 kwanza, na mahakama huongeza dakika 10 za kutoka na kurudi. Kigezo ni kuwa na hakika. Kama huna, kura yako ni hana hatia.

Siku ya kwanza usisahau pasipoti.