Ni dalili zipi za kuaminika kwamba hoteli mpya inajengwa kweli Walt Disney World?

Bint Pangani aliuliza:

Wanajukwaa, salaam. Ninaishi Kissimmee, Florida, na kila ninapopata wageni kutoka nyumbani huwapandisha boti ya Bay Lake, ile inayopita kati ya hoteli ya Wilderness Lodge na kambi ya Fort Wilderness ndani ya Walt Disney World. Pale ufukweni palikuwa na bustani ya kuogelea iitwayo River Country, iliyofunguliwa mwaka 1976 na kufungwa mwaka 2001, kisha pakaachwa hadi miti ikafunika kila kitu. Mwaka 2018 kampuni ilitangaza kwamba itajenga hapo hoteli yenye vyumba zaidi ya 900, iitwayo Reflections, ya kufunguliwa mwaka 2022. Mwaka 2019 nikaona kwa macho yangu katapila zikibomoa na kusafisha, nikawaambia ndugu zangu wa Tanga waanze kuweka akiba. Mnajua yaliyofuata: kazi ilisimama mwaka 2020, pakabaki uwanja mtupu, nami nikabaki na aibu yangu.

Sasa mradi umefufuliwa kwa jina la Disney Lakeshore Lodge na ahadi ni mwaka 2027. Kabla sijafungua mdomo tena, naomba kujua ni dalili gani hasa zinazoonyesha kwamba hoteli inajengwa, na zipi ni za kutia tamaa tu.

Mpimaji Mstaafu alijibu:

Dada Bint Pangani, kosa lako ni la wengi, kwa hiyo usijilaumu sana. Kusafisha kiwanja ni kazi rahisi kuliko zote katika ujenzi, na mara nyingi hufanywa kwa sababu zisizohusiana na jengo lijalo: kuondoa mabaki yanayohatarisha watu, au kutayarisha eneo ili uamuzi ukifika kusiwe na kuchelewa. Hata kufunga majengo yaliyo hai si ushahidi. Anaheim, California, mwaka 2018, sinema, mikahawa na duka vilifungwa upande wa magharibi wa Downtown Disney, mtaa wa maduka wa kampuni hiyohiyo, ili kupisha hoteli ya kifahari ya vyumba 700, na mwaka huohuo mradi ukafutwa baada ya kampuni kuvutana na jiji kuhusu nafuu ya kodi iliyokuwa imeahidiwa.

Mimi nikifika kwenye kiwanja sitazami kwanza mashine. Natazama maji. Florida ya kati ni nchi ya vinamasi, na huwezi kufunika ekari kadhaa kwa zege na lami bila kuonyesha maji ya mvua yatakwenda wapi. Kwa hiyo ukiona bwawa la kupokea maji likichimbwa kwa vipimo, mabomba makubwa ya maji taka yakilazwa, na nguzo za umeme zikihamishwa, ujue mtu ameshatumia fedha ambazo hawezi kuzirudisha. Uzio mweusi wa kitambaa unaozuia matope yasiingie ziwani haunitoshi, kwa kuwa huo hufungwa hata kwa kazi ya wiki mbili. Vigingi vyenye utepe wa rangi navyo ni vyetu sisi wapimaji, nasi huitwa kupima mara nyingi kuliko miradi inavyojengwa.

Baada ya hapo tafuta mashine ya kukita nguzo za msingi. Hiyo huileti kwa majaribio.

Hata hivyo niongeze neno moja la tahadhari, nalo ni Pop Century. Hoteli hiyo ilipangwa iwe na pande mbili, na upande wa pili ulikuwa umeshasimama kwa majengo yanayoonekana barabarani pale utalii ulipoporomoka baada ya Septemba 2001. Majengo yale yalikaa miaka mingi bila mgeni hata mmoja, mpaka eneo lile likamalizwa kwa sura nyingine na kufunguliwa mwaka 2012 kama Art of Animation.

Karani wa Nyaraka alijibu:

Mzee Mpimaji amesema vizuri kuhusu udongo, lakini mimi naona ushahidi bora hauko kiwanjani, uko kwenye masjala, na dada anaweza kuusoma akiwa nyumbani kwake. Sheria za Florida zinafanya nyaraka nyingi za serikali kuwa wazi kwa kila mtu, na mradi mkubwa hauwezi kukwepa kuacha nyayo humo.

Nyayo ya kwanza ni maombi ya kibali kwa Wilaya ya Usimamizi wa Maji ya Florida Kusini. Humo utakuta ramani ya kiwanja, mabwawa aliyoyataja mzee, na mara nyingi umbo la jengo lenyewe likitazamwa kutoka juu, ingawa jina la hoteli halitajwi bali mradi hupewa jina la kuficha au namba. Kibali hiki kinakuja mapema sana, kwa hiyo kinaeleza nia tu. Mradi unaweza kuwa na kibali halali na usijengwe milele.

Nyayo ya pili ndiyo ninayoithamini, nayo ni Tangazo la Kuanza Ujenzi, ambalo mwenye mali husajili kwa mdhibiti wa hesabu wa Kaunti ya Orange na kulibandika kwenye eneo la kazi. Halikutungwa kwa ajili ya wapenzi wa hoteli. Lipo ili mafundi na wauza vifaa wajue wamdai nani wasipolipwa. Linataja mwenye mali, mkandarasi na mahali, na kazi isipoanza ndani ya siku 90 tangu kusajiliwa, tangazo linabatilika. Waliojenga Tanzania wanaweza kulilinganisha na kile kibao cha mradi kinachosimamishwa mbele ya jengo, isipokuwa hapa karatasi ina makali zaidi ya kibao.

Ila soma kwa makini. Kampuni hiyo husajili matangazo ya aina hii kwa wingi, hata kwa kubadilisha taa au kupaka rangi, na maelezo yake ni mafupi mno. Tazama mkandarasi ni wa nini: wa ubomoaji, wa umeme, au wa misingi mirefu. Jina la mkandarasi wa misingi mahali pasipo na jengo ni habari.

Nyayo ya tatu iko angani. Kitu chochote kinachozidi futi 200, yaani kama mita 61, lazima kitolewe taarifa kwa mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, na winchi ya mnara huhesabiwa pia. Taarifa hizo huwekwa wazi, zikiwa na mahali na kimo. Inasemekana ndiyo maana jumba la Cinderella liliishia futi 189 na ule mnara wa mchezo wa Tower of Terror ukaishia 199. Walitaka kukwepa taa nyekundu za kuonya ndege.

Msafiri wa Mwambao alijibu:

Nakubaliana na waliotangulia, lakini kuna upande wa pili ambao haujaguswa. Dada aliamini tangazo akaumbuka. Kuna waliokosa kuamini macho yao kwa sababu hakukuwa na tangazo. Mwaka 2007 bawa la kaskazini la hoteli ya Contemporary, humohumo Walt Disney World, lilibomolewa, na mahali pake likaanza kupanda jengo refu, ghorofa baada ya ghorofa, mbele ya kila aliyepita na treni ya reli moja. Kampuni haikusema lolote rasmi mpaka Septemba 2008, ilipotangaza Bay Lake Tower, iliyofunguliwa Agosti 2009. Kwa zaidi ya mwaka mzima watu walibishana kama jengo wanalolitazama lipo.

Tabia ya kuficha ni ya tangu mwanzo. Katikati ya miaka ya 1960 ardhi yote ile, kama ekari 27,000, ilinunuliwa kwa majina ya kampuni za bandia, mojawapo ikiitwa Ayefour, jina ambalo ukilitamka unaisikia barabara kuu ya I-4 inayopita hapo. Siri ilivuja Oktoba 1965 kwa kazi ya gazeti la Orlando.

Mama Rehema alijibu:

Mwanangu, mimi si mtu wa vibali. Ninatandika vitanda katika hoteli moja ya huku Orlando, na ninayoyajua ni haya: karatasi zitakuambia jengo limeanza, lakini hazitakuambia litafunguliwa lini. Angalia nafasi za kazi. Hoteli haifunguki bila wasafishaji, wapishi na mafundi wa mabomba waliokwisha kufundishwa, na watu hao huanza kutafutwa miezi kadhaa kabla. Sisi wenyewe huulizwa nani anataka kuhama. Zikitangazwa nafasi za meneja peke yake, bado ni mbali. Zikitangazwa za kufua na kutandika, waambie Tanga wakate tiketi.

Bint Pangani alijibu:

Nashukuruni nyote. Jana nimetafuta matangazo ya ujenzi kama alivyoelekeza Karani, nikapitia kurasa nyingi za taa na rangi kabla sijaelewa namna ya kuchuja. Jumamosi nitapanda boti tena, na safari hii nitatazama mabwawa kabla ya winchi. Tanga bado sijawapigia.