Mume wangu ni kiongozi wa sifa, mimi nimehamia kanisa la jirani na nyumbani. Nirudi au nibaki?

Mke wa Sifa (mwanzisha uzi)

Bwana asifiwe wapendwa. Na ninyi msio wa imani hii karibuni, ushauri wenu naupokea.

Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Kibamba. Mume wangu ni fundi viyoyozi wa kujitegemea, mimi nina kaduka ka steshenari karibu na shule. Kanisani yeye ndiye kiongozi wa timu ya sifa na kuabudu. Kanisa lipo Mabibo. Tulianza kusali pale tukiwa tumepanga Ubungo, baadaye tukajenga tukahamia huku, ila kanisa hatukuhama.

Ratiba yake: Jumatano mazoezi ya waimbaji. Ijumaa mkesha, na kama hakuna mkesha kuna maombi, na maombi nayo yanataka mtu wa kuongoza. Jumamosi mazoezi na bendi kuanzia saa nane mpaka watu wachoke. Jumapili ibada ya kwanza ni saa moja asubuhi, kwa hiyo saa kumi na moja kashatoka akafunge vyombo vya muziki. Ibada ya pili ikiisha wanaingia kikao. Jioni anarudi sauti imekauka, anakula, analala. Hapo sijagusa mialiko: harusi za washirika, misiba, makongamano ya Morogoro na Kibaha.

Mteja akipiga Jumamosi kwamba kiyoyozi kinavuja, anaambiwa Jumatatu. Mteja hasubiri, anatafuta fundi mwingine. Kanisa linampa nauli elfu thelathini kwa mwezi, na bodaboda za usiku zinaimaliza mapema. Sare zinabadilika kila sikukuu, na binti wa timu akikosa hela ya kitambaa, baba watoto anamlipia kimyakimya. Nimejua kwa sababu fundi cherehani ni mteja wangu.

Usiku wa Jumamosi ndio hunimaliza. Mimi napiga pasi shati lake, yeye ameweka simu mezani anasikiliza kiitikio kilekile, anarudisha, anasikiliza tena, anaimba kwa sauti ya chini, anampigia mpiga kinanda wakubaliane waanzie juu kidogo au chini kidogo. Kundi lao la WhatsApp linalia mpaka saa sita. Mtoto wa miezi kumi, ambaye ndiyo kwanza nimemlaza, anaamka.

Jumapili ni mimi, watoto watatu na daladala mbili. Nikifika natakiwa nikae mbele kwa kuwa ni mke wa kiongozi, mtoto akilia kanisa zima linanigeukia. Tangu Pasaka nimeanza kusali kanisa la hapa mtaani, natembea kwa miguu. Nilimwambia kabla, akajibu "fanya utakavyoona". Sasa maneno yameanza. Mzee mmoja wa kanisa amemwuliza atawaongozaje watu kuabudu wakati nyumba yake imegawanyika. Mchungaji ametuita wote wawili Jumapili ijayo.

Sina ugomvi na Mungu wala na mume. Akiimba hata mimi machozi hunitoka. Swali langu: nirudi Mabibo nimwokoe na aibu, nibaki huku, au nimwombe aache huduma? Matusi hapana.

Kiboko ya Njia

Dada fungua macho. Mazoezi mpaka usiku, mabinti wa sauti ya kwanza wamevaa sare alizolipia yeye... mimi sijasema kitu.

Mke wa Sifa

Namba ya siri ya simu yake naijua, na kundi lao nalisoma. Ningekuwa na wasiwasi huo ningeanzisha uzi mwingine. Tuendelee.

Kiboko ya Njia

Haya mama, nimekaa pembeni na kahawa yangu.

Mzee wa Uyole

Binti yangu, nitakuwa mkweli. Ulimwoa mtumishi ukijua ni mtumishi. Mke wa kiongozi kusali kwingine ni kumvua mumeo nguo hadharani. Mithali 14 inasema mwanamke mwenye hekima huijenga nyumba yake. Rudi kwanza, malalamiko yaletwe ukiwa ndani.

Asha wa Tanga

Mzee shikamoo, ila hakumwoa, ameolewa 😂. Mimi ni Mwislamu, nimepita tu. Huyo mama hajaacha kusali, ameacha kupanda daladala mbili na mtoto mgongoni. Kuna tofauti.

Besi ya Zamani

Dada, mimi nimeongoza sifa Dodoma kwa miaka mingi kabla ya kukabidhi vijana, kwa hiyo nakuongelesha kama mtu wa ndani.

Tatizo lako lina jina, linaitwa zamu. Fungua 1 Mambo ya Nyakati 25. Daudi alipopanga waimbaji wa hekaluni walikuwa 288, wakawa makundi 24 ya watu kumi na wawili, na zamu zikapangwa kwa kura. Hao ndio kazi yao ilikuwa kuimba na bado waliwekewa zamu. Na Hesabu 8 inataja Mlawi anaanza utumishi akiwa na miaka 25, na akifika 50 anapumzika ile kazi. Sasa fundi viyoyozi wa Kibamba, mwenye watoto watatu, anaimba Jumapili zote 52 na Ijumaa juu yake, na hakuna mzee wa kanisa anayeona ajabu.

Nikuambie kitu ambacho mumeo hatakuambia. Mtu anayeongoza kila Jumapili hana timu, ana wasindikizaji. Na mara nyingi si kwamba hakuna mwingine. Yupo. Ila siku huyo kijana akisimama na watu wakabarikiwa vilevile, kiongozi anarudi nyumbani na swali zito kifuani. Mimi nilikuwa nalo. Mchungaji naye ana hofu yake: anamjua mumeo, anajua hatakosea mbele ya wageni, kwa nini ahangaike na wa kujifunza?

Kwa hiyo usimwombe aache huduma. Ukimwomba hivyo atachagua kati yako na Mungu, maana ndivyo atakavyolisikia, na hapo umeshashindwa hata akikuchagua wewe. Mwulize swali dogo: ukiugua koo wiki hii, nani anasimama? Kama jibu lipo, zamu inawezekana. Kama halipo, hiyo ndiyo hoja ya kupeleka kwa mchungaji, wala si habari ya wewe kusali wapi.

Mzee wa Uyole, nakuheshimu, lakini Timotheo wa kwanza sura ya tatu inaweka nyumba mbele ya kanisa, siyo nyuma yake.

Mzee wa Uyole

Sijapinga zamu. Nimepinga kuondoka. Kijana, hata wewe ukiwa kiongozi mkeo alikuwa wapi?

Besi ya Zamani

Nyumbani, mzee wangu. Na miaka miwili ya mwisho alikuwa haniongeleshi Jumamosi. Ndiyo maana naandika.

Fundi Mitambo

Mimi nakaa kwenye miksa (mashine ya kurekebisha sauti) kanisani kwetu, naomba kuuliza: kwa nini mwimbaji anatoka saa kumi na moja alfajiri kufunga vyombo? Hiyo ni kazi yangu mimi. Jumamosi mazoezi yakiisha vyombo vibaki vimefungwa kama kuna mlinzi. Kama hakuna, pigeni picha miksa kwa simu ili kila kitufe kijulikane kilipokuwa, na kila waya ubandikwe karatasi ya jina: maiki ya kwanza, kinanda, besi. Asubuhi vijana wawili wanafunga kwa nusu saa. Kiongozi anafika saa kumi na mbili na nusu, anajaribu maiki, anaomba, anaanza.

Lingine, orodha ya nyimbo itoke Jumatano. Baada ya mazoezi ya Jumamosi hakuna kuongeza wimbo. Hizi simu za saa sita usiku zinatokana na mtu aliyesikia wimbo mpya mtandaoni jioni ile na anautaka asubuhi. Sisi tulikataza, na hakuna aliyekosa mbingu.

Karani wa Wilaya

Kwa kulinganisha tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, likizo ya siku 28 kwa mwaka na siku 3 akipata mtoto. Mumeo anajitolea, hivyo sheria hiyo haimhusu na simshauri ampeleke mtu popote. Lakini jumlisha saa zake za viyoyozi na za kanisani, uone kama siku ya mapumziko ipo.

Mke wa Sifa

Karani, umenikumbusha. Huyu wa mwisho alizaliwa Alhamisi, na Jumamosi baba alikuwa mazoezini. Watu walimpigia makofi Jumapili kwa uaminifu wake. Mimi nilikuwa bado wodini.

Besi ya Zamani, nimemwuliza lile swali. Alinyamaza muda, akasema "yule kijana wa besi anaweza, ila hana upako wa kutosha".

Besi ya Zamani

😂😂 Upako wa kutosha! Hata mimi nilisema hayohayo. Neno kwa neno.

Mtoto wa Mwalimu wa Kwaya

Baba yangu alikuwa mwalimu wa kwaya Iringa. Utoto wangu nimelala sana kwenye benchi la nyuma juu ya koti lake, na sisemi hivyo kwa uchungu, kinanda nimejifunzia palepale. Yule Hemani wa kwenye sura aliyoitaja Besi alikuwa na wana 14 na binti 3, na imeandikwa waliimba chini ya mkono wa baba yao. Mkubwa wako ana miaka mingapi? Kama anapenda, baba aende naye mazoezi ya Jumamosi. Kilichotuumiza sisi kilikuwa kitu kingine: mama ndiye aliyekuwa anaulizwa na washirika kwa nini hatujapiga magoti vizuri, kwa nini dada amevaa suruali. Baba anapigiwa makofi, mama anapokea ukaguzi. Hilo la viti vya mbele liondoe kabisa, kaa nyuma karibu na mlango.

Mama Mchungaji Kanda ya Ziwa

Mwanangu, pole. Mume wangu ni mchungaji, kwa hiyo haya yote nayapikia chai.

Kikao cha Jumapili msiingie kila mtu na lake. Mchungaji akiona mnatofautiana, ataanza kuwasuluhisha ninyi, na ratiba itabaki vilevile. Kaeni Ijumaa, hata akose hayo maombi siku moja, mchukue kalenda ya ukutani mweke alama siku zote alizotoka tangu Januari. Msiseme "amechoka", wekeni kalenda mezani. Sisi wachungaji tunaguswa na machozi kwa wiki moja, kalenda inakaa.

Kuhusu mialiko, mfundishe sentensi moja: "Nitakujibu kesho." Watumishi wengi hukubali palepale kwenye simu, wakishakubali wanaona aibu kukataa. Na huyo anayealika agharamie nauli na chakula tangu mwanzo, asingoje kuombwa. Nehemia 13 inasimulia waimbaji na Walawi waliokimbilia mashambani kwao kwa sababu hawakupewa mafungu yao. Nehemia aliwagombeza viongozi, hakuwagombeza waimbaji.

Na wewe usirudi kwa sababu ya maneno ya mzee mmoja. Ukirudi, rudi kwa makubaliano.

Kiboko ya Njia

Uzi umekuwa mzuri, nafuta kauli yangu ya kwanza. Kahawa imeisha.

Mke wa Sifa (mrejesho)

Wapendwa, samahani kwa kuchelewa, mtoto alikuwa na homa.

Kalenda ilifanya kazi. Ijumaa ile tulikaa na kalamu nyekundu. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa anaweka alama, na alipofika Aprili akaacha kuongea. Kwa mchungaji sikusema mengi, aliongea yeye. Alisema anaomba Jumapili mbili za mwezi aongoze kijana wa besi, mkesha awe mmoja kwa mwezi, na Jumatano aende akiwa hana kazi ya mteja. Mchungaji alikubali Jumapili mbili bila shida. Mkesha alisita, akasema tujaribu mpaka Septemba. Yule mzee aliuliza kuhusu mimi. Mchungaji akamwambia mama atakuja zile Jumapili ambazo mumewe haongozi, wakae pamoja, nyingine asali Kibamba. Mzee hakufurahi, lakini imepita.

Fundi Mitambo, karatasi za majina zimebandikwa. Anatoka saa kumi na mbili kasoro sasa. Mtoto wa Mwalimu, mkubwa ana miaka kumi na moja, amekwenda mazoezi akarudi anasema anataka ngoma, siyo kuimba. Mungu anisaidie na majirani.

Bado mawili. Sare ya mwezi wa nane imeshatangazwa. Na Jumapili iliyopita tulikaa wote benchi moja kwa mara ya kwanza tangu tuoane, ila mwenzangu hakuabudu. Mkono mmoja amembeba mtoto, mwingine anamwonyesha mpiga ngoma apunguze, kisha amwonyeshe kijana wa besi arudie kiitikio. Kijana wa watu alichanganyikiwa, akarudia mara tano.

Mama Mchungaji Kanda ya Ziwa

Sare ziwe mali ya kanisa, zinunuliwe seti mbili kwa mwaka, zikae kabati la ofisini. Akisimama mwingine anavaa hiyohiyo. Hilo mhasibu wa kanisa atalielewa haraka kuliko wazee.

Besi ya Zamani

Hongera sana dada. Hilo la kuongoza kutoka kwenye benchi nalo linapona, mimi lilinichukua muda mrefu. Kwa sasa mkae upande wa kulia, nyuma ya nguzo, mpiga ngoma asimwone.