Tupeane uzoefu: Tom na Jerry za zamani zilizosafishwa upya, mmekutana na nini kwenye diski?

Mzee wa Deki
Wakuu, salaam. Naomba tupeane uzoefu wa Tom na Jerry za zamani zilizosafishwa upya na kutolewa kwenye DVD na Blu-ray. Nazungumzia zile za wachora katuni Hanna na Barbera walizotengeneza kwenye studio ya MGM, Marekani, kati ya 1940 na 1958, filamu 114, siyo hizi za siku hizi. Kilichonichokoza ni fremu moja. Jerry anakimbia, ukisimamisha picha unakuta sharubu za upande mmoja hazipo. Songeza fremu moja mbele, zimerudi. Na kasha limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba picha imerudishiwa ubora wake! Nani mwingine ameliona hili, na diski nzuri mnaitambuaje kabla ya kutoa hela?

FundiSkrini
Mkuu, hapo umekutana na programu ya kuondoa uchafu. Inalinganisha fremu tatu: iliyopita, iliyopo na inayofuata. Kitu kikiwa kwenye ile ya katikati peke yake, inakihesabu kuwa ni vumbi, inakifuta na kuziba pengo kwa rangi ya jirani. Kwenye filamu ya watu huwa haileti shida kubwa. Kwenye katuni ni balaa, kwa sababu mchoraji anaweka kwa makusudi vitu vya kuishi fremu moja au mbili tu: mistari ya kasi, sharubu iliyopinda, nyota zinazoruka Tom akigongwa kikaango. Mashine haijui tofauti ya wino na vumbi.

Ukaguzi wake ni huu. Chagua tukio la kukimbizana, simamisha, kisha songeza fremu moja moja kwa rimoti. Angalia sharubu, ncha za vidole, mkia wa Jerry, na mstari wa nje wa Tom anapogeuka ghafla. Mstari ukikatikakatika kama kalamu inayoishiwa wino, diski imesuguliwa mno. Halafu angalia ukuta wa nyuma. Ile michoro ya rangi ya maji ikionekana laini kama plastiki, ujue hata chembe za filamu yenyewe zimeondolewa.

Pwani Yetu
Mkia wa Jerry ndio kipimo. Mwembamba, wa kahawia, na hautulii.

Dada wa Kisauni
Kabla hamjailaumu diski, zimeni kwanza vikorombwezo vya TV. Nendeni kwenye mipangilio ya picha, chagueni hali ya sinema. Ukali wa picha rudisheni sifuri, au pale ambapo mistari haina kivuli cheupe pembeni. Zimeni kipunguza chembe. Zimeni kabisa ile inayolainisha mwendo. Katuni hizi mara nyingi zina mchoro mmoja unaokaa fremu mbili, yaani michoro 12 kwa sekunde. TV inapobuni fremu za katikati, inachanganya mchoro wa kwanza na wa pili, Tom anaota mikono minne.

Jambo jingine ni umbo la picha. Filamu za mwanzo karibu zina umbo la mraba. Kwenye Blu-ray picha yake inachukua takriban pikseli 1,440 kati ya 1,920 za upana, na pembeni lazima ubaki weusi. Ukivuta ijae skrini, unaongeza upana kwa theluthi moja na Tom anakuwa mnene kama gunia. Acheni weusi ubaki.

Kijana wa VCD
Lakini dada, watu tumezizoea zile CD za kuchoma na hatukulalamika.

Dada wa Kisauni
VCD, yaani CD ya video, ina mistari 288 tu kwa PAL, mfumo wa TV uliotumika kwetu na Ulaya, na picha imebanwa hadi kingo zinafanya vigae. Sharubu hazikuwepo tangu mwanzo, utalalamikia nini? Macho yalikuwa hayajaonyeshwa.

Makavazi
Mimi nasimama na vumbi. Kuna vumbi ambalo halipaswi kuguswa kabisa, na wasafishaji wengi wanaligusa.

Katuni za Technicolor, ule mfumo wa zamani wa filamu za rangi, zilipigwa hivi: kila fremu ilipigwa mara tatu mfululizo kwenye filamu moja nyeusi na nyeupe, mara moja kupitia kichujio chekundu, mara moja cha kijani, mara moja cha buluu. Fremu 24 kwa sekunde zikawa picha 72, na filamu ya dakika saba ikafika picha 30,240. Sasa vumbi lililokuwa juu ya seluloidi, ile karatasi ya plastiki angavu iliyochorwa Tom, lilipigwa mara zote tatu. Kwa hiyo halina rangi, ni la kijivu au jeupe, na linakaa pale pale mpaka seluloidi ibadilishwe. Uchafu ulioingia baadaye kwenye negativu, yaani filamu ya asili iliyotoka kwenye kamera, umeangukia picha moja tu kati ya tatu, ndiyo maana unaonekana kama doa jekundu, la kijani au la buluu linalopita kwa fremu moja. Lenye rangi ondoa. Lisilo na rangi lilikuwepo siku ya kupiga picha, liache.

FundiSkrini
Hapo sikubaliani nawe. Mpiga picha wa studio alikuwa anapangusa seluloidi kila mara. Vumbi lililobaki lilimponyoka, hakulitaka. Ukiliondoa kwa mkono, fremu kwa fremu, hujamkosea mtu.

Makavazi
Kwa mkono sawa. Nani analipia mkono? Wanawasha mashine, mashine inakula sharubu, tunarudi pale alipoanzia Mzee wa Deki.

FundiSkrini
Basi tatizo ni mashine, siyo kuondoa vumbi. Usichanganye mambo.

Mama Zuhura
Jamani, mimi kilichoniuma siyo vumbi, ni filamu nzima kukosekana. Mkusanyo wa dhahabu (Golden Collection), juzuu ya kwanza, ulitoka kwenye Blu-ray mwaka 2011 ukiwa na filamu 37 kwa mpangilio wa miaka. Zinaanzia Puss Gets the Boot ya Februari 1940, ambamo paka bado anaitwa Jasper, zinaishia Professor Tom ya 1948. Ilikuwa kazi ya kushika mkononi. Hakuna kilichokatwa, na yule mama mweusi mtumishi wa nyumbani, ambaye uso wake karibu hauonekani, ana sauti yake halisi ya mwigizaji Lillian Randolph, siyo ile iliyorekodiwa upya miaka ya 1960 kwa ajili ya televisheni za Marekani.

Hesabuni sasa. Juzuu imeishia ya 37. Ya 38 ni Mouse Cleaning. Mwishoni mwa filamu hiyo Tom anamwagikiwa makaa ya mawe, anakuwa mweusi, anaanza kuongea kwa ile sauti ya kumdhihaki mtu mweusi. Juzuu ya pili ilipangwa kutoka 2013. Orodha ikatangazwa, na Mouse Cleaning haimo. Casanova Cat ya 1951 nayo haimo, ile ambayo Tom anampulizia Jerry moshi wa sigara usoni hadi uso unakuwa mweusi, kisha anamchezesha. Wapenzi wa katuni wakapinga kwa nguvu: mkusanyo uliouzwa kwa watu wazima wanaokusanya, unaofuata mwaka kwa mwaka, unarukaje mbili kimyakimya? Juzuu ikasitishwa. Waliokuwa na ya kwanza wakabaki na kabati lenye pengo.

Vichekesho vile ni dhihaka kwa watu kama sisi, na sivitetei. Lakini kuvificha hakufuti kwamba vilitengenezwa na watu wakavicheka. Weka onyo mwanzoni, eleza kwa maneno ya wazi, mtu mzima aamue. Kwa watoto kuna diski nyingine tele.

Kijana wa VCD
Mimi naona bora wangekata tu. Nani anazihitaji?

Mama Zuhura
Mwanangu, ukikata mbili leo, kesho yule mama mtumishi anafutwa kwenye filamu zote alizomo, na hizo ni nyingi. Zimo hata zilizopata tuzo. Tom na Jerry ilipata Oscar saba.

Pwani Yetu
Naunga mkono. Onyo, siyo mkasi.

Mlinda Filamu
Makavazi, kanuni yako ya doa la rangi ni sahihi, ila kwa Tom na Jerry za mwanzo kuna jambo zito zaidi. Negativu zenyewe hazipo. Ziliungua.

MGM ilikuwa imepeleka negativu zake za naitreti, ile filamu ya zamani inayowaka kirahisi, kuhifadhiwa kwenye makavazi ya George Eastman, Rochester, jimbo la New York. Mei 1978 ghala likashika moto. Negativu za asili za filamu zaidi ya 300 ziliteketea, na katuni nyingi za MGM za kabla ya miaka ya 1950 zilikuwemo. Naitreti ikishawaka huizimi. Inatoa oksijeni yake yenyewe, hata ukiizamisha majini inaendelea kuungua. Na kabla ya kuwaka inaoza polepole: kwanza picha inafifia, kisha filamu inanata, inatoa mapovu, mwishoni inakuwa unga wa kahawia.

Kilichotuokoa ni kwamba MGM ilikuwa imeshanakili filamu zake kwenye filamu salama isiyowaka hovyo. Kwa hiyo Tom wa 1943 tunayemwona kwenye Blu-ray ametoka kwenye nakala. Doa lililokuwa kwenye negativu siku ya kunakili limegandia humo. Na filamu husinyaa: picha nyekundu, ya kijani na ya buluu zisipokaana sawasawa siku ya kunakili, kila mstari mweusi unapata ukingo wa rangi, na kuutenganisha tena ni kazi kubwa.

Mzee wa Deki
Subhanallah. Kwa hiyo ule wekundu pembeni mwa masikio ya Tom siyo TV yangu?

Mlinda Filamu
Angalia upande. Ukiwa wekundu upande mmoja na kijani au buluu upande wa pili, na unakuwa mkubwa katika filamu moja kuliko nyingine, umetoka kwenye nakala. Ukiwa sawa kwenye kila kitu unachotazama, hata taarifa ya habari, basi kagua TV.

Kijana wa VCD
Hivi kweli inaungua ndani ya maji?

Mlinda Filamu
Kweli. Ndiyo maana vyumba vya kuihifadhi hujengwa vidogovidogo vyenye kuta nene na tundu la kutolea moshi, kimoja kikiwaka kisiambukize vingine.

Dada wa Kisauni
Turudi kwenye kununua. DVD nyingi hufungwa zicheze kwenye eneo fulani la dunia tu: ya Marekani ni eneo la 1, sisi Afrika Mashariki ni eneo la 5, deki lisilofunguliwa kufuli hilo litaikataa. Blu-ray ya Marekani ni eneo A, sisi ni B, japo nyingi za katuni hizi hazina kufuli. Muulize muuzaji, na usome nyuma ya kasha.

DVD ya PAL nayo ina lake. Filamu ya fremu 24 inachezwa kwa 25, dakika saba zinapungua sekunde kama 17, na muziki unapanda karibu nusu sauti. Muziki wa mtunzi Scott Bradley umefungwa kwenye kila hatua ya Tom, utausikia ukikimbia. Weka The Cat Concerto, ile ya Tom kwenye piano na muziki wa mtunzi Liszt, mwenye sikio atatambua mara moja.

Makavazi
Na za mwishoni, kuanzia 1954, nyingi ni za CinemaScope, pana sana. Ukiziona zimejaa skrini ya zamani, karibu nusu ya upana imekatwa. Jerry anarusha kitu, anayepigwa humwoni.

Pwani Yetu
Diski inaganda kila mara katikati, filamu ya tisa au ya kumi. Nimeambiwa nisugue dawa ya meno.

FundiSkrini
Usithubutu, utaongeza mikwaruzo. Pangusa kwa kitambaa laini kutoka tundu la katikati kwenda ukingoni, mstari ulionyooka, usizungushe. Ikiwa safi na bado inaganda pale pale, tatizo huenda liko ndani. DVD ya tabaka mbili imegundishwa, na gundi ikiharibika, hasa diski ikikaa kwenye joto na unyevu, tabaka la pili halisomeki. Ishike kwenye mwanga. Ukiona ukungu kama wa kahawa ya maziwa au vidoa vidogo vinavyopitisha nuru, hiyo inakufa. Inakili leo kwenye kompyuta kwa kasi ndogo kabisa, na iliyobaki isimamishe wima, mbali na dirisha.

Mzee wa Deki
Nimeishika kwenye taa. Ya kwanza safi. Ya pili ina vidoa vitatu karibu na ukingo.

FundiSkrini
Anza na hiyo ya pili.